Kutafuta kazi ya lori Permian Basin wakati mafuta yameanguka: fuata maji, usifuate rigi

Kila bei ya mafuta ikishuka simu zinaanza. Kaka nimesimamishwa, kaka yadi imefunga geti, kaka nimetoka Dallas mwezi uliopita nimekuja Odessa kutafuta hela na sasa hivi nalala kwenye gari nifanyeje. Wengi ni watu wetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, watu wenye leseni safi na watoto nyumbani wanaosubiri ada, na mara nyingi shida yao sio uvivu hata kidogo, shida ni kwamba wanatafuta ile kazi iliyokufa wakati kuna nyingine iko maili kumi kando na hawaijui. Nimeendesha huku West Texas toka kabla ya 2020 na nimeshasimamishwa pia, kwa hiyo naandika yote mwanzo mpaka mwisho, soma polepole.

Kwa ambaye hajafika, Permian Basin ni eneo la mafuta linaloanzia West Texas mpaka kona ya kusini mashariki ya New Mexico. Miji mikubwa ni Midland na Odessa, halafu kuna Big Spring, Andrews, Monahans, Kermit, Pecos, na upande wa New Mexico kuna Hobbs, Jal, Carlsbad na Artesia. Barabara ya I-20 inapita katikati na ile US 285 inatoka Pecos kwenda Carlsbad. Hiyo 285 nitairudia chini.

Hatua ya 1: Jua nini kinakufa na nini hakifi

Hapa ndipo kila kitu kilipo, ukielewa hii hatua hata zingine utazitunga mwenyewe.

Kazi za lori huku ziko za aina mbili. Aina ya kwanza inafuata uchimbaji: kuvuta mchanga wa fraki, yaani wa kupasulia miamba ya mafuta, kubeba mabomba, kuhamisha rigi, yaani mitambo ya kuchimba visima, kupeleka saruji ya visima, kumwaga kalichi, yaani udongo wa chokaa, kwa ajili ya barabara mpya na viwanja vya visima. Aina ya pili inafuata visima ambavyo vimeshachimbwa na vinatoa mafuta: kubeba maji yanayotoka kisimani, kubeba mafuta ghafi, kupeleka kemikali, magari ya mafuta ya moto yanayoyeyusha nta kwenye mabomba ya kisima, na malori yanayohudumia rigi ndogo za matengenezo.

Bei ikianguka aina ya kwanza inasimama haraka sana. Angalia hesabu ya rigi ambayo Baker Hughes, kampuni ya huduma za visima, wanaitoa kila Ijumaa, mwezi wa 10 mwaka 2014 Marekani ilikuwa na rigi za mafuta 1,609, kufika mwezi wa 5 mwaka 2016 zilibaki 316. Mwaka 2020 ikawa mbaya zaidi, tarehe 20 mwezi wa 4 bei ya soko ilifunga chini ya sifuri, dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, na mwezi wa 8 rigi za mafuta zilikuwa 172 nchi nzima. Kila rigi ikilala, malori yote yaliyokuwa yanailisha yanalala nayo.

Lakini kisima kilichokwisha chimbwa ni habari nyingine. Tawi la benki kuu ya Marekani lililoko Dallas linafanya uchunguzi wa kampuni za mafuta, na mwaka 2025 kampuni zilisema kwa wastani zinahitaji kama dola 65 kwa pipa ndio kuchimba kisima kipya kulipe, lakini kuendesha kisima ambacho tayari kipo zinahitaji kama dola 41 tu. Sasa fikiria bei iko 57. Hakuna anayetaka kuchimba, na hakuna anayetaka kufunga kilichopo. Hapo katikati ndipo kazi yako ilipo.

Na visima vya huku vinatoa maji mengi kuliko mafuta. Pipa moja la mafuta linakuja na mapipa kadhaa ya maji ya chumvi, upande wa magharibi wa Permian unaoitwa Delaware (sio lile jimbo), yaani kaunti za Reeves, Loving, Eddy, mara nyingi ni zaidi ya matatu. Hayo maji hayaachwi pale, lazima yaende mahali, na tenki likijaa kisima kinazimwa, na kisima kikizimwa mwenye kisima anapoteza hela kila saa. Ndio maana mtu wa maji anapigiwa simu saa nane usiku hata bei ikiwa mbovu.

Nisikudanganye, siku hizi maji mengi na mafuta mengi yanapita kwenye mabomba, sio malori, kwa hiyo sio kwamba kila mtu atapata. Yanayobaki kwa lori ni visima vya zamani vilivyo mbali na bomba, visima vya kampuni ndogo, na siku ambazo bomba limepasuka au limejaa. Hata hivyo ni kazi ya kila siku. Mara moja tu nimeona maji yenyewe yanapungua kweli, ni ile miezi ya 4 na 5 mwaka 2020 kampuni zilipofunga mpaka visima vinavyotoa.

Mimi mwaka huo nilikuwa navuta mchanga. Migodi ya mchanga ilifunguliwa huku huku kuanzia 2017, karibu na Kermit na Monahans, na hela ilikuwa nzuri sana, mtu anapiga tripu nne kwa siku. Halafu zikawa mbili, ikawa moja, halafu dispacha, yule anayegawa mizigo, akawa anasema wiki ijayo, wiki ijayo. Nilikaa wiki tatu namsubiri. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa anaambiwa hivyo hivyo na wakubwa zake, lakini zile wiki tatu wenzangu wawili walishahamia maji na nafasi zikajaa. Kwa hiyo ukiona tripu zimeshuka nusu kwa wiki mbili mfululizo, anza kutafuta wakati bado una kazi.

Hatua ya 2: Karatasi, na hapa usiruke kitu

Wakati wa neema kampuni inachukua mtu yeyote mwenye leseni na mapigo ya moyo. Wakati wa ukame mtu wa usalama, yule anayekagua madereva wa kampuni, sio mlinzi wa geti, ana mafaili hamsini mezani na anatafuta sababu ya kutupa arobaini na tano. Usimpe sababu.

CDL, yaani leseni ya magari makubwa ya biashara, daraja A ni lazima. Juu yake unahitaji endosimenti ya N ya matanki, na hii ni mtihani wa kuandika tu, kama huna kafanye wiki hii. Bila N hubebi maji wala mafuta. Halafu H ya hazmati, yaani mizigo ya hatari, ambayo ukiwa nayo pamoja na N kwenye leseni inaandikwa X. Mafuta ghafi ni mzigo wa hatari, ndio yale mabango yenye namba 1267, bila H huyagusi. H inachukua muda: tangu tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka 2022 lazima umalize mafunzo ya nadharia kwa mtoaji aliyesajiliwa kabla ya mtihani, halafu TSA, wale wa serikali kuu wa usalama wa usafiri, wanachukua alama za vidole na kukuchunguza, na wanashauri uanze angalau siku 60 kabla hujaihitaji. Uwe na miaka 21. Mtu mwenye X wakati wa ukame ana milango miwili, ya maji na ya mafuta, mtu mwenye A tupu ana mlango mmoja na una foleni.

Kadi ya daktari ya DOT, yaani wizara ya usafirishaji, angalia tarehe. Ikibaki miezi miwili kaifanye upya sasa, maana kampuni haitaki kukuajiri halafu wakusimamishe.

Clearinghouse, hii imeua watu wengi kimya kimya. Ni daftari la serikali la vipimo vya madawa na pombe, lilianza mwezi wa 1 mwaka 2020, na kampuni yoyote kabla ya kukuajiri kazi ya CDL lazima ikuangalie humo na wewe lazima utoe ruhusa kwa kompyuta. Fungua akaunti yako leo, ni bure kwa dereva, ili mwajiri akituma ombi ubonyeze siku hiyo hiyo, nimeona mtu anapoteza kazi kwa sababu alisahau neno la siri akakaa siku nne. Na tangu tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka 2024 ukiwa umezuiwa humo jimbo linakunyang'anya CDL yenyewe. Sasa sikiliza vizuri, New Mexico bangi inauzwa dukani kihalali na Hobbs ipo mpakani kabisa, vijana wanavuka wananunua wanasema hii ni halali. Kwa DOT sio halali popote pale, na hayo mafuta na peremende za CBD, zinazotokana na mmea wa bangi, nazo zinaweza kukuangusha kwenye kipimo. Achana nazo kabisa.

Historia ya kazi ya miaka kumi. Sheria inataka miaka mitatu ya kazi zote na mingine saba nyuma yake ya kazi za kuendesha. Andika kwenye karatasi moja: jina la kampuni, mji, simu, tarehe ulioingia na kutoka, sababu ya kutoka. Pengo lolote lieleze, ulienda nyumbani kuzika mzazi andika hivyo, ulikuwa mgonjwa andika hivyo. Pengo lisiloelezwa linasomeka kama ajali unayoificha. Na ukipunguzwa kazi kwa sababu ya bei, omba barua fupi ya kampuni kabla hujarudisha funguo, mistari miwili tu kwamba umetoka kwa sababu mzigo umeisha na unaweza kuajiriwa tena.

Vuta rekodi zako mwenyewe kabla hawajazivuta wao. PSP, ripoti ya dereva ya FMCSA, yaani shirika la serikali kuu linalosimamia malori, inaonyesha ajali za miaka mitano na ukaguzi wa miaka mitatu, unalipia dola chache. Ripoti ya DAC, ile ya yale kampuni za zamani zimeandika juu yako, unayo haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ukikuta kosa la ukaguzi ambalo sio lako, lipinge kupitia DataQs, mfumo wa FMCSA wa kurekebisha rekodi. Ukikuta kampuni ya zamani imeandika umetelekeza lori na sio kweli, pinga kwa maandishi, wana muda wa kisheria wa kukujibu.

Halafu vyeti vya uwanjani. SafeLand ni darasa la usalama la siku moja, na H2S, la gesi ya sumu inayotoka kwenye visima, ni masaa machache, wanafundisha Midland na Odessa karibu kila siku ya kazi. Kampuni nyingi zinakulipia ukishaajiriwa lakini wakati wa ukame jilipie, maana anayeweza kuanza kesho anachukuliwa kabla ya anayeanza wiki ijayo. Nguo za kuzuia moto, buti zenye chuma, kofia, miwani, na kipimo cha gesi cha kubandika kifuani, uwe navyo kwenye begi.

Kuhusu Kiingereza na makaratasi ya uhamiaji. Tangu tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2025 dereva anayeshindwa kuzungumza na mkaguzi kwa Kiingereza anasimamishwa barabarani hapo hapo. Wanakuuliza unatoka wapi unaenda wapi umebeba nini, halafu wanakuonyesha alama za barabarani ueleze. Ndugu zetu waliofika juzi wafanye mazoezi ya haya maswali kwa sauti, sio kichwani. Na kama huna uraia wala grinikadi, sheria ya CDL ya wasio wakazi wa kudumu ilibanwa ghafla tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 2025, Texas ikasimamisha kuzitoa kwa wakimbizi na wenye hifadhi, na suala limeshafika mahakamani, kwa hiyo kabla hujahama mji au kulipia shule uliza DPS, idara ya Texas inayotoa leseni, wenyewe hali yako ikoje siku hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta nani bado anafanya kazi

Usianze na matangazo ya kazi ya intaneti. Wakati wa ukame matangazo mengi ni ya zamani au ni ya kampuni inayokusanya majina tu. Anza na visima.

Texas, chombo kinachosimamia mafuta kinaitwa Railroad Commission, jina linachanganya lakini hakihusiki na reli siku hizi. Tovuti yao iko wazi kwa kila mtu: vibali vya kuchimba, uzalishaji wa kila kampuni kwa kaunti, na visima vya kumwagia maji machafu. Tafuta kaunti za Reeves, Loving, Ward, Midland, Martin, Andrews. Andika majina ya kampuni zinazozalisha sana. Siku hizi kubwa zimemeza ndogo, ExxonMobil ilimaliza kuinunua Pioneer mwaka 2024, Diamondback ikachukua Endeavor mwaka huo huo, na kampuni kubwa haziyumbi kila wiki na bei kama ndogo zilivyokuwa. Dereva anayefanya kazi kwa kontrakta wa kampuni kubwa analala vizuri zaidi. Lakini kampuni ndogo zenye visima vya zamani ndizo zinazotumia malori ya maji sana, kwa hiyo usizipuuze, ziandike kwenye safu ya pili.

Pia kwa Railroad Commission kampuni inayobeba maji machafu ya mafuta lazima iwe na kibali cha kubeba taka. Hiyo orodha ya wenye vibali ndio orodha yako ya waajiri, na watu hawaijui.

Halafu fanya kitu ambacho hakuna kompyuta itakufanyia: soma milango ya malori. Nenda karibu na kisima cha kumwagia maji, au kituo cha mafuta kwenye barabara ya 302 kati ya Odessa na Kermit au kwenye 285 juu ya Pecos, kaa masaa mawili asubuhi na daftari, andika kila jina unaloona kwenye mlango wa lori la vakyumu, yaani la kunyonya maji, au tanka la mafuta ghafi. Jina ukiliona mara tano hiyo kampuni ina kazi leo, haijalishi tangazo linasema nini. Ongea na madereva wanaokunywa kahawa, kwa heshima, usiwazuie wana mzigo. Maswali ni matatu tu: mnapata masaa mangapi kwa wiki, hela inaingia kwa wakati, na nani yadini anasikiliza watu. Mimi kazi yangu ya maji niliipata hivyo, mzee mmoja wa Kimexiko alinipa jina la mtu wa usalama na kuniambia niende saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla simu hazijaanza kumla.

Hatua ya 4: Kwenda yadini

Nenda mwenyewe, miguu yako. Saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja asubuhi, au jioni shifti zikibadilishana. Usiende saa nne, saa nne kila mtu ana moto wake. Vaa kama unaanza kazi sasa hivi, begi likiwa kwenye gari, na faili lenye leseni, kadi ya daktari, vyeti, historia ya miaka kumi, na PSP yako uliyoichapisha. Mtu wa usalama ukimpa PSP kabla hajaomba anakuangalia tofauti, naapa.

Usiseme natafuta kazi yoyote. Sema: nina X, SafeLand na H2S ziko hai, niko mjini, naweza shifti ya usiku, naweza kuanza kesho. Usiku ndio tiketi wakati wa ukame maana wenye familia hapa wanataka mchana. Kama umewahi kuvuta mchanga tu sema ukweli, usidanganye umebeba maji, watakujua kwenye jaribio la barabarani dakika ya tano. Trela la maji la huku mara nyingi ni la mapipa 130, yaani galoni 5,460, na likiwa nusu yale maji yanakimbia mbele na nyuma, ukifunga breki kwa nguvu yanakusukuma kwenye makutano. Punguza mapema, acha nafasi kubwa, kona ingia polepole. Kama hujawahi, omba ukae na mtu shifti mbili uangalie jinsi anavyounganisha hozi, anavyofungua vali kwa mpangilio, anavyojaza tiketi.

Wakikuambia hakuna nafasi, uliza nirudi siku gani, halafu rudi siku hiyo hiyo saa ile ile. Nilimrudia yule bwana mara nne. Mara ya nne mtu alikuwa ameacha kazi usiku ule.

Hatua ya 5: Kagua kampuni kabla hujasaini

Wakati wa ukame kuna kampuni zinazoelekea kufa zinazoajiri ili mtu awe anaendesha mpaka siku ya mwisho, na hela ya wiki mbili za mwisho huioni. Chukua namba ya DOT iliyo mlangoni uiweke kwenye SAFER, tovuti ya FMCSA ya kukagua kampuni, angalia bima ipo, idadi ya malori, ajali, na asilimia ya magari yanayosimamishwa kwenye ukaguzi. Malori yakisimamishwa sana maana yake hawatengenezi, na wasiotengeneza hawana hela.

Uliza hivi kabla ya kuweka sahihi: ni W-2, yaani mwajiriwa, au 1099, yaani kontrakta anayejilipia kodi? Nalipwa kwa saa, kwa mzigo au asilimia? Kusubiri kunalipwa kuanzia saa ya ngapi? Malipo ni kila wiki, na wanashikilia wiki ngapi? Wakati wa ukame nakushauri sana W-2 kwa saa. Tuseme mzigo unalipa dola 120 na umefanya mitatu, inaonekana 360, lakini ukikaa masaa 15 kwenye foleni hiyo ni 24 kwa saa na hakuna ovataimu, halafu kwa 1099 kodi zote mbili za Social Security na Medicare ni zako. Na ukipunguzwa kazi, mwenye W-2 anaomba fidia ya kukosa kazi Texas Workforce Commission, mwenye 1099 kwa kawaida hapati.

Na usiingie mkataba wa kukodi lori mpaka liwe lako, yaani lizi pachesi, kipindi bei imeanguka. Wanakupa lori, wanakata malipo kila wiki, mzigo ukipungua makato hayapungui, mwisho unafanya kazi wiki nzima na karatasi inaonyesha unadaiwa. Mwanzoni mwa 2025 kamati iliyoundwa na serikali kuu kuchunguza hiyo mikataba ilipendekeza ipigwe marufuku. Mtu akikuambia ndio kazi pekee iliyobaki, ni afadhali uendeshe gari la takataka la manispaa.

Hatua ya 6: Hela ya kukaa mpaka upate

Kuja huku bila mpango wa malazi ndio kunamaliza watu. Pangeni watu watatu nyumba moja, au uliza kampuni kama wana nyumba, nyingine zinazo. Weka akiba ya mwezi mmoja na nusu, kwa sababu hata ukiajiriwa leo kipimo, mafunzo na wiki wanayoshikilia vinaweza kufika wiki tatu kabla ya cheki ya kwanza. Nyumbani waambie ukweli kwamba miezi miwili utatuma kidogo. Najua ni ngumu kusema kwa mama, lakini ni afadhali kuliko kukopa kwa riba.

Usijifunge kwenye mafuta tu. Pamba ya Lubbock na maeneo ya huku inavunwa kuanzia mwezi wa 10 hivi na inataka malori. Mitambo ya upepo na sola inajengwa West Texas nzima. I-20 na I-10 zina mizigo ya kawaida kila siku, na magari ya kupeleka dizeli na petroli kwenye vituo yanataka mtu mwenye X huyo huyo. Mwezi mmoja bila jibu, chukua mojawapo huku ukiendelea kusoma milango.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza, na hapa nakuomba kama ndugu

H2S inanuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu ikipotea sio kwamba umepona. Ni nzito kuliko hewa, inakaa mabondeni na kuzunguka matenki. Fika, angalia upepo, simama upepo unapotokea. Kipimo kikilia ondoka kuelekea upepo unakotokea, usirudi kuchukua tiketi, na mwenzako akianguka usimkimbilie bila kifaa cha kupumulia, ita msaada.

Na ule mfuniko wa juu ya tenki wa kupimia mafuta ghafi. Kati ya 2010 na 2014 wafanyakazi tisa walikufa Marekani wakipima au kuchukua sampuli kwenye matenki, na sio kila mara ni H2S, mvuke wa mafuta wenyewe unasukuma oksijeni unaanguka bila kujua. Simama pembeni ya mfuniko, fungua taratibu, geuza uso, acha mvuke utoke kwanza. Usipande peke yako usiku kama kuna njia nyingine. Wakati wa ukame watu wanaogopa kukataa kazi, wanaona nikikataa nitafukuzwa. Kila dereva ana haki ya kusimamisha kazi asiyoiona salama, wanakufundisha hivyo SafeLand, na msimamizi wa kisima mwenye akili atakuheshimu.

Masaa: kwa sheria ya nchi ni masaa 11 ya kuendesha ndani ya 14. Wanaohudumia visima wana ruhusa ya kuanza upya hesabu ya wiki baada ya kupumzika masaa 24 badala ya 34. Ile nyingine ya kutohesabu muda wa kusubiri kisimani ni ya magari maalumu yaliyotengenezwa kwa kazi za visima na madereva waliofunzwa, sio ya mchanga wala maji ya kawaida, na dispacha akikuambia uitumie kataa, logi, yaani rekodi ya masaa, ni yako na faini ni yako. Kampuni inayofanya ndani ya Texas tu inaweza kuwa kwenye masaa 12 ndani ya 15. Uliza mtu wa usalama mko kwenye sheria ipi, akujibu kwa maandishi.

Ile 285 wameiita barabara ya kifo kwa miaka mingi na sio utani, malori yamejaa, watu wametoka shifti ya masaa 14, mwingine anapita kwenye kilima. Umeme wako wa taa zote uangalie kabla ya kutoka, usipite lori usiku, na ukiona macho yanafunga egesha kwenye njia ya kuingilia visima ulale dakika ishirini. Mzigo utasubiri.

Kitu cha mwisho ni siku rigi zikirudi, na zitarudi, utaziona kwenye hesabu ya Ijumaa kabla hujazisikia kwa watu. Simu za mchanga zitaanza kukuita na hela kubwa. Kabla hujaacha maji muulize dispacha wa mchanga ana mkataba wa kisima gani na wa miezi mingapi, halafu kaongee na yule mtu wa usalama aliyekuchukua wakati wa ukame, umwambie uso kwa uso, umpe wiki zake mbili, urudishe lori limeoshwa na tiketi zote. Na X yako usiiache ife, uchunguzi wa TSA ni wa miaka mitano, weka ukumbusho kwenye simu miezi mitatu kabla haujaisha.